Kusimamia mashirika yasiyo ya kiserikali katika nchi zinazoendelea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wa pande zote mbili za dirisha la msajili: wanaoandika na kutekeleza sheria za mashirika, na wanaoyaongoza mashirika yenyewe. Mifano imetoka nchi mbalimbali, kwa sababu sheria hutofautiana sana lakini makosa ya utekelezaji hufanana.

NGO ni aina ya taasisi kisheria, au ni jina tu?

Inategemea nchi. Kazi ileile ya kuchimba visima vijijini inaweza kufanywa na chama kilichosajiliwa, na kampuni isiyo na hisa yenye ukomo wa dhamana, na bodi ya wadhamini, au na shirika lililoandikishwa chini ya sheria mahsusi ya NGO. Kinachoziunganisha ni mambo matatu: haziko chini ya serikali, zimeundwa kwa hiari, na hazigawi faida kwa waanzilishi. Jambo la tatu ndilo linaloleta ugomvi. Kutogawa faida si kutopata faida. Shirika linaweza kuuza vitabu au kukodisha ukumbi na kubaki na ziada, mradi ziada hiyo irudi kwenye malengo yake.

Nchi yenye milango mingi ya usajili hujikuta na mashirika yanayochagua mlango mwepesi. Tanzania ilitunga Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 mwaka 2002, na marekebisho ya 2019 yakayataka yaliyokuwa yamejiandikisha kama kampuni lakini yakifanya kazi za NGO yahamie kwa msajili wa NGO. Serikali yoyote inayohamisha mashirika namna hiyo iandike kifungu kimoja kinachosahaulika mara nyingi: kwamba shirika lenye cheti kipya ni mrithi kamili wa lile la zamani. Bila kifungu hicho, hati ya kiwanja, mkataba wa ruzuku na akaunti ya benki vinabaki kwa jina la taasisi ambayo haipo tena.

Wezi wa fedha za misaada si wanashtakiwa kwa sheria ya jinai? Kwa nini tena kuwe na msajili?

Jinai huja baada ya mali kwisha. Msajili yupo ili umma ujue nani anaongoza shirika, fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi, na ili msamaha wa kodi usigeuke mfereji wa kukwepea kodi. Basi. Zaidi ya hapo, kila kifungu kiulizwe kinamlinda nani: mchangiaji, mnufaika, hazina au mfanyakazi. Kisipokuwa na jibu, kinailinda ofisi tu.

Kuna pia mpaka wa kimataifa. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inaruhusu uhuru wa kujumuika uwekewe mipaka iliyoandikwa katika sheria na iliyo ya lazima katika jamii ya kidemokrasia, kwa sababu zinazotajwa: usalama wa taifa, usalama na utulivu wa umma, afya na maadili ya umma, na haki za watu wengine. Urahisi wa kazi ya ofisi haumo katika orodha hiyo.

Usajili uwe wa lazima au wa hiari?

Usajili wa hiari wenye manufaa hufanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Afrika Kusini, kupitia Sheria Na. 71 ya 1997, iliacha usajili uwe wa hiari. Mashirika yalijisajili kwa sababu benki na wafadhili walidai namba. Mwisho wa 2022 marekebisho yalifanya usajili uwe wa lazima kwa mashirika yanayofanya shughuli nje ya mipaka ya nchi, yaani lazima ilipelekwa mahali palipoonekana pana hatari, si kila mahali.

Sheria inayomlazimisha kila mtu, hadi kikundi cha kufa na kuzikana au cha kuweka na kukopa, huzalisha wahalifu ambao hakuna mwenye nia ya kuwashtaki. Halafu siku mkubwa fulani akikasirishwa na kikundi kimojawapo, kosa linakuwa lipo tayari likimsubiri.

Faili la maombi liwe na nini?

Kinachohitajika kweli ni kidogo: katiba iliyosainiwa, muhtasari wa kikao cha waanzilishi pamoja na mahudhurio, majina na nakala za vitambulisho vya viongozi, anuani ya ofisi, na ada. Mpango mkakati wa miaka 5 na barua za utambulisho kutoka ofisi nne za serikali huongeza unene wa faili tu.

Uzito uwekwe kwenye katiba, maana humo ndimo migogoro ya baadaye huzaliwa. Vifungu ambavyo msajili asiviruke:

- Akidi ya bodi: zaidi ya nusu ya wajumbe, na idadi ya wajumbe iwe witiri ili kura zisifungane.
- Undugu: ndugu na wanandoa wasizidi theluthi moja ya bodi. Bodi ya mume, mke na shemeji ni kampuni ya familia iliyovaa kanzu ya NGO.
- Watia saini wa benki: angalau wawili, na mmoja wao asiwe mwajiriwa wa shirika.
- Mgongano wa maslahi: mjumbe mwenye maslahi atangaze, atoke nje wakati wa uamuzi, na muhtasari uandike kwamba alitoka.
- Mali baada ya kuvunjwa: iende kwa shirika lenye malengo yanayofanana, kamwe isirudi kwa waanzilishi.

Kosa la kawaida kwa waombaji ni kunakili katiba ya shirika jingine. Msajili huligundua kwa haraka: jina la shirika la zamani limebaki katika kifungu cha kumi na kitu, au malengo yanataja watoto wakati shirika ni la wafugaji.

Je, msajili anaweza kukataa jina au lengo asilolipenda?

Jina linalofanana na la shirika lililopo, au linalodanganya kwamba shirika ni la serikali, likataliwe. Lengo lililo kinyume cha sheria pia. Kutopendeza ni jambo jingine. Kenya bodi ya NGO ilikataa majina yaliyopendekezwa na shirika lililotaka kutetea watu wanaobaguliwa kwa mwelekeo wao wa kijinsia. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema kukataa huko kulivunja uhuru wa kujumuika. Msajili yeyote anayeandika barua ya kukataa aanze na kifungu cha sheria, kisha ukweli wa maombi, kisha namna kimoja kinavyogusana na kingine. Barua isiyoweza kuandikwa hivyo isitumwe.

Na akikaa kimya?

Huu ndio ugonjwa mkubwa kuliko kukataa. Aliyekataliwa ana barua ya kwenda nayo mahakamani. Aliyenyamaziwa hana kitu. Dawa ina sehemu nne na zote zinahitajika pamoja:

Kwanza, muda uandikwe ndani ya sheria, si kwenye bango la ofisi. Sheria ya Afrika Kusini ya 1997 ilitaja miezi miwili ya kushughulikia maombi. Pili, siku zihesabiwe tangu maombi yalipopokelewa na stakabadhi kutolewa. Maneno “tangu faili litakapokamilika” ni tundu, kwa kuwa anayeamua kama limekamilika ni yuleyule anayechelewa. Tatu, msajili aombe nyongeza ya nyaraka mara moja tu, kwa orodha moja. Nne, muda ukipita bila jibu, sheria ihesabu kuwa shirika limesajiliwa, na benki ilazimike kupokea stakabadhi kama uthibitisho. Kipengele hiki cha mwisho kikikosekana, hivyo vitatu vya mwanzo hubaki mapambo.

Ofisi ya msajili ikae wizara gani?

Mahali ilipo huitia tabia. Ikiwa chini ya mambo ya ndani, kama ilivyo Uganda, au kama zinavyosimamiwa fedha za nje India, huyaona mashirika kwa jicho la usalama. Ikiwa chini ya wizara ya ustawi au maendeleo ya jamii, huyaona kama wasaidizi wa serikali na hushangaa yanapoikosoa. Njia ya tatu ni mamlaka yenye bodi yake, yenye wajumbe kutoka mashirika na bajeti yake bungeni. Kenya ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2013, ikaja kuanza kutumika 14 Mei 2024. Miaka 11 ya kusubiri tarehe ya kuanza inaonyesha nguvu iliyomo katika kifungu kidogo kinachosema sheria “itaanza kutumika siku ambayo waziri ataitangaza”. Mtunga sheria anayetaka sheria yake iishi aandike tarehe.

Tumeweka masharti mengi ya taarifa lakini udanganyifu haupungui. Kwa nini?

Kwa sababu hakuna anayezisoma. Fanyeni hesabu kabla ya kuandika kanuni. Tuseme nchi ina mashirika 6,000 na ofisi ina maafisa 8 wa uchambuzi. Afisa mmoja ana saa za kazi kama 1,600 kwa mwaka. Toa vikao, safari na wageni wa dirishani, zinabaki 800 za kusoma. Jumla ni saa 6,400. Ikiwa kila shirika linaleta taarifa ileile nene inayohitaji saa 3, kazi ni saa 18,000. Karibu theluthi mbili ya taarifa zitaingia kabatini bila kufunguliwa, na mashirika hujua hilo ndani ya mwaka wa pili.

Sasa gawanyeni kwa ukubwa wa mapato. Mashirika madogo, tuseme 4,200, yajaze fomu ya ukurasa mmoja: viongozi, mapato, matumizi, salio. Dakika 20 kila moja, saa 1,400. Ya kati 1,500 yalete hesabu zilizopitiwa na mhasibu huru: saa 2 kila moja, 3,000. Makubwa 300 yalete hesabu zilizokaguliwa kikamilifu pamoja na barua ya mkaguzi kwa menejimenti: saa 6 kila moja, 1,800. Jumla 6,200. Inaenea, na macho yamekwenda kwenye fedha nyingi.

Hiyo barua ya mkaguzi kwa menejimenti ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote. Hesabu zinaweza kupata hati safi huku barua ikitaja kwamba masurufu ya safari hayajarejeshwa kwa miezi saba, au kwamba manunuzi makubwa yamefanywa kwa ankara moja bila kulinganisha bei za wauzaji. Kanuni nyingi hudai hesabu na kuisahau barua.

Muda wa kuwasilisha nao uwe wa kweli. Kudai hesabu zilizokaguliwa ndani ya siku 60 baada ya mwaka wa fedha ni kudai kisichowezekana pale wakaguzi ni wachache na wateja wote wanafunga mwaka mwezi mmoja. Afrika Kusini inatoa miezi 9 kwa taarifa ya mwaka.

Je, kuzuia fedha za nje ni njia halali ya kulinda uhuru wa nchi?

Hofu yenyewe si ya kupuuzwa. Fedha ya mgeni huja na ajenda ya mgeni. Ila vizuizi vya jumla vimepimwa na matokeo yake yanajulikana.

Ethiopia, kwa Tangazo Na. 621 la 2009, iliamua kuwa ni mashirika yasiyopata zaidi ya asilimia 10 ya mapato kutoka nje tu ndiyo yangefanya kazi za haki za binadamu, usawa wa kijinsia, haki za mtoto na za watu wenye ulemavu, usuluhishi wa migogoro na utoaji haki. Wachangiaji wa ndani wa kuziba pengo hawakuwepo, hivyo mashirika mengi ya haki yakabadili malengo au yakanywea, na wanawake waliokuwa wakipata wakili wa bure wakawa miongoni mwa walioumia. Tangazo Na. 1113 la 2019 liliondoa kizuizi hicho. Kenya ilipendekeza ukomo wa asilimia 15 mwaka 2013. Bunge likaukataa mwaka huohuo.

India imepita njia nyingine. Marekebisho ya 2020 ya sheria ya michango ya nje yalilazimisha fedha zote za nje ziingilie akaunti katika tawi moja la benki New Delhi, yakapiga marufuku shirika lililopokea kulipitishia jingine, na kushusha ukomo wa gharama za utawala kutoka asilimia 50 hadi 20. Marufuku ya kupitisha ndiyo iliyowagusa wadogo zaidi, kwani kikundi cha kijijini hakiandiki andiko la mradi kwa mfadhili wa ng'ambo. Hupata kupitia shirika kubwa la mjini. Bangladesh nayo, kwa sheria yake ya 2016, ilidai kila mradi wa fedha za nje uidhinishwe kabla haujaanza. Mfumo wa idhini ya mradi kwa mradi unajikwaa palepale kwenye hesabu ya saa za maafisa, na unajikwaa vibaya zaidi wakati wa mafuriko.

Njia yenye madhara madogo ni kutangaza: shirika litaje mfadhili, kiasi, na kazi, ndani ya siku 30 baada ya kupokea, na msajili aweke orodha hiyo mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Kipo kighairi kimoja: majina ya watu binafsi wanaochangia kazi zenye hatari yabaki kwa msajili.

Ukomo wa gharama za utawala una ubaya gani? Si unazuia magari ya kifahari?

Una ubaya wa tafsiri. Chukueni shirika la msaada wa kisheria, bajeti 100: mishahara ya mawakili 60, safari za mahakamani 15, mkurugenzi na mhasibu 12, pango, umeme na ukaguzi 8, vipeperushi 5. Mishahara na safari zote zikiitwa utawala, shirika linatumia asilimia 95 kujiendesha na linastahili kufungwa. Mishahara ya watoa huduma na safari zao zikiitwa mradi, utawala ni asilimia 20. Shirika ni lilelile, na hakuna aliyenunua gari.

Ethiopia ilijifunza hili kwa gharama. Mwongozo wa 2011 chini ya kanuni ya 70 kwa 30 (angalau asilimia 70 kwa malengo ya shirika, utawala usizidi 30) uliingiza hata gharama nyingi za mafunzo na ufuatiliaji katika upande wa utawala. Sheria ya 2019 ilishusha ukomo hadi asilimia 20, lakini ikafinya maana ya utawala ibaki kwenye gharama zisizohusiana na shughuli za mradi. Ukomo mdogo wenye tafsiri nzuri ulikuwa nafuu kuliko mkubwa wenye tafsiri mbaya.

Sheria ya utakatishaji fedha na ugaidi inatulazimisha kukagua mashirika yote?

Hapana, ingawa maafisa wengi watakuambia ndivyo. Pendekezo la 8 la FATF, kikosi kazi cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi na kuzitathmini nchi, ndilo linalotajwa. Lilizaliwa Oktoba 2001, na kwa miaka mingi lilisema mashirika yasiyo ya faida yako hatarini kwa namna ya pekee. Maneno hayo yaliondolewa mwaka 2016, na marekebisho ya Novemba 2023 yakasisitiza zaidi: nchi itambue ni kundi gani la mashirika lenye hatari ya ufadhili wa ugaidi, iweke hatua zinazolingana na hatari hiyo, na isivuruge kazi halali za mengine. Nchi inayotumia Pendekezo la 8 kuhalalisha sheria kali kwa wote inakwenda kinyume cha pendekezo lenyewe, na inaweza kupoteza alama kwenye tathmini kwa sababu hiyohiyo.

Kwa shirika, jambo la kufanya ni hili: benki ikifunga akaunti au kuchelewesha muamala, ombeni sababu kwa maandishi, kisha pelekeni kwa pamoja cheti, orodha ya wajumbe wa bodi, na mkataba wa ruzuku husika. Zikitumwa moja moja, kila moja huanzisha foleni mpya.

Adhabu zipangwe vipi?

Kama ngazi, na asirukwe mtu daraja: barua ya kukumbusha, onyo lenye siku 30 za kurekebisha, faini inayolingana na mapato, kusimamishwa kwa shughuli mahsusi, kisha kufutwa, tena kwa amri ya mahakama. Sheria nyingi zina adhabu mbili tu, onyo na kifo. Afisa mwenye adhabu hizo mbili huishia kutofanya lolote, au kufuta kwa mafungu. Nicaragua ilifuta mashirika 1,500 kwa tangazo moja mwezi Agosti 2024.

Rufaa iende nje ya wizara, na wakati rufaa inasikilizwa shirika liruhusiwe kulipa mishahara na dawa za wagonjwa.

Tuna cheti cha taifa, wilaya inadai kibali kingine. Ni halali?

Someni sheria yenu. Mara nyingine ni halali kabisa. Sheria ya Uganda ya 2016 inataka shirika lipate pendekezo la kamati ya wilaya ya ufuatiliaji na kuwa na makubaliano na serikali ya mtaa kabla ya kuanza kazi eneo hilo, mbali na cheti na kibali ambacho hakizidi miaka mitano. Ubaya wa vibali vya ngazi ni kwamba kila meza huongeza ada isiyoandikwa. Jilindeni kwa kulipa kwa namba ya malipo au benki tu, na kwa kupeleka taarifa badala ya kuomba ruhusa pale ambapo sheria haitaji neno “kibali”.

Mashirika yanaweza kujisimamia yenyewe?

Kwa kiasi, na pale tu ambapo kuna kitu cha kupoteza. Ufilipino ina baraza la uthibitishaji, PCNC, lililoundwa na mashirika yenyewe. Ithibati yake ndiyo njia ya kupata hadhi ya mchangiaji kupunguziwa kodi, kwa hiyo watu huichukulia kwa uzito. Maadili ya hiari yaliyotundikwa ukutani bila faida wala hasara hayamzuii mtu.

Na mashirika ya kigeni?

Yasajiliwe kwa jina la tawi, yawe na mwakilishi mkazi anayeweza kupokea hati za mahakama, na yatofautishwe na ya wazawa kwenye ada, si kwenye haki za msingi. Mkataba wa ofisi ya makao makuu na wizara utaje wazi misamaha ya forodha. Magari yaliyoingia bila ushuru na kuuzwa mradi ulipoisha ni chanzo cha kesi za kila mwaka.

Shirika likifungwa, nyaraka na mali vinakwendaje?

Bodi ipitishe azimio na kuteua mfilisi asiye mjumbe. Mfilisi alipe kwanza mishahara na michango ya hifadhi ya jamii, kisha kodi na wadai wengine kwa mpangilio wa sheria ya nchi. Fedha za ruzuku ambazo hazijatumika si mali ya shirika kama mkataba unasema zirudi. Zitengwe mapema, maana wadai huzililia. Kinachobaki kipelekwe kwa shirika lililotajwa kwenye katiba kwa hati ya makabidhiano yenye namba za usajili za magari na mitambo. Mafaili ya wanufaika, hasa ya wagonjwa, watoto na waliokimbia ukatili, yasikabidhiwe pamoja na meza na viti: yaende kwa mtoa huduma mwingine kwa ridhaa yao, au yaharibiwe mbele ya mashahidi wawili. Vitabu vya hesabu vitunzwe kwa muda ambao sheria ya kodi inautaja, na anuani ya mtunzaji aachiwe msajili.